Mkalimani wa Ofisi ya Wakanada

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya wakati. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikiitazama bendera yenye jani jekundu, mpaka bawabu akavuka kuja kuniuliza kama nimepotea.

"Sijapotea," nikamwambia. "Nimeajiriwa!"

Nililitamka neno hilo kwa sauti iliyowageuza wapita njia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tulikuwa tumehamia London baada ya Mapinduzi ya Unguja, nikakaa kwa shangazi yangu Tooting, nikasoma hatimkato na kupiga chapa katika darasa la jioni. Na sasa, mimi Zuhura, msichana wa mtaa wa Vuga, nilikuwa mwajiriwa wa ofisi iliyokuwa ikipeleka watu Kanada. Usiku wa kuamkia siku ile sikupata usingizi hata chembe.

Waliniweka masjala. Nyinyi mnaofanya kazi kwa kompyuta huenda hamjui masjala ni nini. Ni chumba ambamo mafaili yote ya ofisi huhifadhiwa, na kila faili lina kadi yake inayosema limekwenda kwa nani na litarudi lini. Sisi tulikuwa na mafaili ya rangi ya kahawia, rafu mpaka dari, na ngazi ya magurudumu ambayo niliipenda tangu siku ile ya kwanza. Mkuu wa Masjala alikuwa mzee wa Kikanada aliyeanza kazi serikalini akiwa tarishi huko Ottawa. Alinipa kadi tupu, akaniambia, "Andika jina lako. Sasa ujue, kila kadi hapa ni mtu kama wewe. Ukiiweka pasipo pake, umempoteza."

Niliogopa, lakini nilifurahi. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nalitoa faili lolote kabla afisa hajamaliza kutaja namba yake.

Siku moja mlango wa masjala ulifunguliwa kwa kishindo. Akaingia mwanamke mrefu, nywele nyekundu, kalamu imechomekwa sikioni. Huyo alikuwa Katibu wa Pili, afisa wa kwanza mwanamke kupewa kazi ya kuhoji waombaji katika sehemu yetu. Baba yake alikuwa mkulima wa ngano huko Saskatchewan, na yeye mwenyewe aliwahi kuendesha trekta kabla ya kuingia serikalini. Mimi nilikuwa namwita Bi. Katibu, na jina hilo limemkaa mpaka leo.

"Nani hapa anajua lugha yoyote ya Afrika Mashariki?" akauliza.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijafikiri.

Chumbani mwake alikuwapo bibi mmoja wa Kihindi kutoka Mombasa, analia, na hakuna aliyemwelewa. Niliposema tu, "Shikamoo, bibi," alinishika mikono miwili akaanza kuzungumza bila kituo. Robo saa baadaye mambo yalikuwa yamenyooka. Alipotoka, Bi. Katibu aliniangalia, akasema, "Kuanzia kesho, asubuhi masjala, mchana kwangu."

Ukalimani una sheria zake, na alinifunza zote yeye. Mwombaji akisema "mimi", nami niseme "mimi", si "anasema kwamba yeye". Nisiongeze neno la kumsaidia wala nisipunguze. Nisipige soga na mwombaji nje ya chumba, asije mtu akadhani tumepanga maneno. Nikala kiapo mbele ya Mkuu wa Kituo, yaani bosi wa ofisi nzima, mwanajeshi wa zamani wa Ontario ambaye hakuwa akicheka, na ambaye viatu vyake ungeweza kujitazamia uso. Akaniambia, "Bibi, mdomo wako sasa ni mali ya ukweli." Nilirudi nyumbani Tooting nikairudia sentensi hiyo kwa shangazi mara tatu.

Wakati ule Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakija kwa wingi. Kanada ilikuwa ikihesabu pointi: umri, elimu, ufundi, jamaa walioko huko. Fundi mzuri alikuwa na nafasi nzuri. Ndiyo maana faili la Bwana Jayanti lilionekana jepesi kabisa.

Bwana Jayanti alikuwa fundi wa boila, tangi kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke, katika kiwanda cha sukari nje ya Kisumu kabla ya kuja London. Mkewe na binti zake wawili walikuwa wameshatangulia Winnipeg, kwa kaka wa mkewe. Yeye alibaki nyuma London kumuuguza baba yake, na baba alikuwa amefariki. Sasa alitaka kuwafuata. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu, valvu na presha na geji, na mkalimani wa Kigujarati alikuwa mgonjwa siku ile. Mwenyewe akasema Kiswahili kinamtosha. Nikaitwa.

Nilikwenda kumchukua ukumbini. Njiani, ukutani, palikuwa na picha kubwa ya timu ya Kikanada ya mpira wa magongo wa kwenye barafu, golikipa katikati na kofia yake ya chuma. Bwana Jayanti akasimama, akaielekezea kidole. "Dada, hii ndiyo kazi yangu ya Jumapili!" Mimi nilikuwa na mafaili sita kifuani, na nilikatazwa kupiga soga. Nikajibu, "Ndiyo, ndiyo," bila kugeuza hata shingo, nikamwingiza chumbani.

Maswali yalikwenda vizuri. Mwisho Bi. Katibu akauliza lile la kawaida, kama amewahi kukamatwa, kushitakiwa au kufungwa katika nchi yoyote. Nilikuwa nimeshalifasiri swali hilo mara nne siku ile. Nilichoka, nikalifupisha.

"Umewahi kufungwa popote?"

Uso wake ukachangamka. "Kufungwa? Ah, Kampala nilifungwa mara mbili! Lakini Nairobi, hata mara moja."

Nikafasiri. Kalamu ya Bi. Katibu ikasimama. "Muulize, kwa sababu gani?"

"Uzembe wangu tu," akajibu Bwana Jayanti, akitikisa kichwa. "Nilisinzia."

Nikafasiri. Bi. Katibu akainama mbele. Fundi wa boila aliyesinzia! "Kuna watu walioumia?"

"Wenzangu wote waliumia sana. Lakini walinisamehe."

Nikafasiri hilo nalo, neno kwa neno, kwa sauti iliyotulia, kama nilivyofunzwa. Nilimwona Bi. Katibu akiandika mistari miwili na kufunga faili. Bwana Jayanti aliondoka akitabasamu, akampa kila mtu mkono. Mimi nikawaza, mtu huyu hana aibu.

Ilikuwa Ijumaa. Jioni faili likarudi masjala likiwa na barua ya kukataliwa, inangoja saini ya Mkuu wa Kituo Jumatatu asubuhi. Na kukataliwa kwa sababu ya jela, na kwa uzembe ulioumiza watu, hakukuwa jambo la kuomba tena mwezi ujao. Ilikuwa ni kufungiwa mlango kwa miaka.

Jumamosi alasiri nilikuwa kwa shangazi nikikata vitunguu. Mumewe, tuliyemwita Ami, alikuwa ameikumbatia redio akisikiliza matokeo ya mpira. Mara akajipiga paja kwa nguvu. "Tumefungwa tena! Mara mbili! Golikipa gani huyu, amesinzia!"

Kisu kilinianguka. Nilisimama pale jikoni, nikaiona ile picha ya ukutani, na kidole cha Bwana Jayanti, na kazi yake ya Jumapili. Nikapiga kelele mpaka shangazi akaja mbio akidhani nimejikata.

"Si jela, shangazi! Ni magoli! Yule mtu ni golikipa!"

Siku ya Jumapili ilikuwa ndefu kuliko mwaka. Shangazi, ambaye alikuwa mwanamke mwenye hadhari, akaniambia, "Mwanangu, ukenda kusema umekosea, watakufukuza. Fikiri kwanza." Nilifikiri. Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho London. Lakini kila nilipofumba macho niliwaona mabinti wawili Winnipeg wakisomewa barua ile, na maneno ndani yake ni yangu.

Jumatatu treni ya chini ya ardhi ikakwama kituo cha Stockwell. Mkuu wa Kituo alikuwa akitia saini saa tatu, na mfuko wa kwanza wa posta ulikuwa ukiondoka saa nne. Nikatoka nje, nikapanda basi, basi likakwama, nikashuka nikakimbia, viatu mkononi, katikati ya London! Bawabu alinifungulia mlango bila kuuliza. Nilimkuta Bi. Katibu kwenye ngazi, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwa Mkuu wa Kituo. Barua ilikuwa mbele yake, wino wa saini haujakauka.

"Rudia," akaniambia Bi. Katibu.

Nikarudia. Nikamweleza kwamba Kiswahili kinatumia neno moja kwa jela na kwa kufungwa magoli, na kwamba nililifupisha swali kinyume cha kiapo changu. Yule mzee alisikiliza bila kukunja uso.

"Nitajuaje kwamba husemi haya kwa kumhurumia mtu wa kwenu?"

"Huwezi kujua, bwana. Muulize yeye, kwa mkalimani mwingine."

Akatazama saa. "Kanuni inataka barua iliyotiwa saini itoke siku hiyohiyo. Saa kumi mchukuzi wa mwisho anakuja. Nileteeni mtu huyo kabla ya hapo. Mkalimani nitamtafuta mwenyewe."

Bi. Katibu alikuwa na gari dogo kama kopo la biskuti. Tulikwenda Neasden, alikopanga Bwana Jayanti, tukiruka kila tuta. Magoti ya Bi. Katibu yalikuwa yanagusa usukani. Mwenye nyumba hakuwapo, tukamngoja mlangoni mpaka saa saba, ndipo akatuambia mpangaji wake ametoka alfajiri, yuko kazini, katika kiwanda cha kufulia nguo upande wa Willesden. Tukageuza. Tulipofika ilikuwa saa saba u nusu. Tukateremshwa ngazi za chuma mpaka chumba cha boila, joto linakupiga usoni kama mtu anakusukuma.

Bwana Jayanti alikuwapo, mikono imekunjwa, macho kwenye kioo kinachoonyesha kiasi cha maji. Nilikatazwa kumweleza chochote kuhusu kesi, kwa hivyo nikasema tu, "Bwana, ofisini wanakutaka sasa hivi. Ni jambo la Kanada."

Nikadhani atarusha koti. Badala yake akasema, "Mwenzangu wa zamu anaingia saa nane na nusu. Nitakuja hapo."

"Bwana Jayanti, ni lazima iwe sasa!"

"Dada, maji yakishuka chini ya mstari huu na hakuna mtu, jengo hili lote litaruka. Juu yetu wako wanawake arobaini wanapiga pasi. Siliachi boila peke yake, hata kwa Kanada."

Nikageuka kwa Bi. Katibu nikafasiri, neno kwa neno, bila kupunguza. Yeye alivuta ndoo, akaipindua, akaikalia. "Mwambie tunangoja."

Tulikaa mle zaidi ya saa nzima. Bi. Katibu, ambaye utotoni alikuwa ameona mashine za mvuke shambani kwao, hakumwondolea macho. Bwana Jayanti alizunguka, akagusa valvu, akasoma geji, akaandika daftarini, akarudi kwenye kioo chake. Kila dakika kumi hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nikitazama saa ya ukutani. Mwenzake alifika akiwa amechelewa. Bwana Jayanti akamkabidhi daftari, akamsomea kila namba, akamngoja aiseme naye, ndipo akavaa koti.

Kurudi, barabara ilikuwa imejaa. Bi. Katibu alipita vichochoro ambavyo nina hakika gari halikuruhusiwa. Bwana Jayanti, nyuma, magoti yamemgusa kidevu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, nimekosa nini?" Kiapo kilinizuia kumjibu, nami nilitaka kulia.

Tuliingia ofisini dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi. Mkuu wa Kituo alikuwa amempata mchungaji mstaafu wa Kiingereza aliyekaa Dodoma nusu ya maisha yake. Mimi nikawekwa nyuma, nimekatazwa kufungua mdomo.

"Bwana," akasema yule mchungaji taratibu, "umewahi kukamatwa na polisi, au kushitakiwa mahakamani, au kutiwa jela, katika nchi yoyote?"

"Jela?" Bwana Jayanti alinyanyuka kwenye kiti. "Mimi? Jela? Baba yangu angekufa mara ya pili! Nani amesema?"

"Na Kampala je? Ulisema ulifungwa mara mbili."

Hapo Bwana Jayanti akaelewa. Alijishika kichwa, akacheka, machozi yakamtoka, akachomoa pochi na ndani yake picha ndogo iliyopasuka pembeni: vijana kumi na mmoja wa Kisumu na magongo yao, na yeye katikati, mapedi ya kukinga mpira miguuni. "Magoli, baba! Magoli mawili! Mimi ni golikipa!"

Mchungaji akafasiri huku sauti inamtetemeka kwa kicheko. Mkuu wa Kituo aliichukua picha akaitazama muda mrefu. Alipoinua uso, nilimwona kwa mara ya kwanza mtu mwingine.

"Muulize," akasema, "goli la pili liliingiaje?"

Bwana Jayanti akasimama akaonyesha: mshambuliaji alitoka kushoto, jua lilikuwa machoni, yeye akadhani mpira unatoka nje, akalegea. Mkuu wa Kituo akasimama naye, akaweka mguu wa kulia pembeni, akainama. "Hapana, hapana. Ungeziba upande huu kwanza. Mimi nilikaa golini miaka tisa." Watu wazima wawili wakawa wanadaka mipira isiyokuwapo katikati ya ofisi ya serikali. Bi. Katibu alinifinya mkono mpaka ukauma.

Barua ikachanwa. Bwana Jayanti aliondoka London wiki chache baadaye.

Siku iliyofuata Mkuu wa Kituo aliniita. Kulikuwa na barua mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya onyo, kwa kufupisha swali. Ya pili ilikuwa ya kuniteua mkalimani rasmi. "Zote zinaingia kwenye faili lako," akasema. "Ya kwanza kwa kosa. Ya pili kwa sababu ulikuja mbio kulisema." Nilitia saini zote mbili, na nilipofika masjala nilimkumbatia Mkuu wa Masjala, jambo ambalo nadhani halikuwahi kumpata maishani.

Tangu hapo niliweka daftari la maneno yanayoteleza. Ndugu, ambaye kwao maafisa alikuwa kaka wa tumbo moja tu. Mtoto wangu, ambaye huenda ni wa dada yangu. Jana, ambayo mtu mwenye shida huitumia kwa mwaka jana. Wakalimani waliokuja baada yangu walilinakili, na lilipochakaa walilipiga chapa.

Nilifanya kazi ile miaka thelathini na minne. Nilihamishiwa kwa Daktari wa ofisi, mtu wa Newfoundland ambaye Kiingereza chake Waingereza wenyewe walikuwa hawakielewi. Nilikuwa namfasiria kwao pia! Alinifunza kusoma picha ya eksirei, kutofautisha kifua kikuu kinachokula pafu na kovu la kilichopona. Aliwahi kubishana na wakubwa zake siku mbili nzima kwa ajili ya kovu la mwalimu mmoja wa Arusha, akashinda, akatununulia sisi sote keki. Baadaye wakaja Wasomali na Wakongo, na Kiswahili changu kikalazimika kujifunza upya, maana Kiswahili cha Bukavu kina njia zake. Kila asubuhi nilipanda treni nikijiuliza, leo nani?

Bi. Katibu alipanda cheo. Alikwenda Nairobi, kisha Hong Kong, na siku moja mlango wa ofisi yetu ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia yeye, Mkuu wa Kituo mpya, nywele zimeanza mvi, kalamu sikioni. Tulikuwa na miaka sita mingine pamoja. Aliwafunza maafisa vijana kwenda kumwona mwombaji kazini kwake kila wanapoweza. Alipostaafu alirudi Saskatchewan, shambani kwao. Mimi nilistaafu miaka mitatu baadaye, nikahamia Ilford karibu na mwanangu.

Kustaafu kulinishangaza. Nilidhani nitapumzika, badala yake nilikuwa naamka alfajiri nikitafuta viatu. Wajukuu wangu nazungumza nao Kiswahili, wananijibu Kiingereza, tunaelewana. Wananiuliza kazi yangu ilikuwa nini, nawaambia nilikuwa nasema maneno ya watu. Wanacheka. Lakini nyinyi mnaoingia kazi hii sasa, na simu zinazofasiri zenyewe, nawaambieni kwa moyo wote: ni kazi tamu! Kuna dakika ambapo watu wawili ambao hawakuweza kuonana wanaonana, na ni wewe uliyekaa katikati. Sijapata furaha inayoifikia.

Mwaka wa pili wa kustaafu nilikwenda Kanada kwa mara ya kwanza. Ndiyo, ya kwanza! Nilikuwa nimewapeleka maelfu na mimi mwenyewe sikupata kukanyaga. Bi. Katibu alinipokea kwa fimbo, masikio yamepungua nguvu, sauti ileile. Asubuhi alipika chai, akanikalisha dirishani, nje ngano mpaka mwisho wa macho.

"Zuhura," akasema, "umeniletea habari za watu wangapi?"

"Sikuwahesabu."

"Wote niliwauliza kwa nini waliondoka kwao. Wewe sikukuuliza hata siku moja." Akakisogeza kifaa chake cha kusikilizia, akakiweka kikombe chini. "Nakuuliza sasa. Kwa nini mliondoka Unguja?"

Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza sikujua nianze vipi. Hakuna aliyekuwa ameniambia maneno ya kusema. Nje upepo uliilaza ngano, ukaiinua.

"Polepole," akasema Bi. Katibu. "Nina siku nzima."

Nikaanza.